Mtutu wa kupulizia moto: historia ya bunduki za wazee wetu

Kalemie. Leo sileti habari za mashambulizi. Ninaleta habari ya kipande kimoja cha chuma.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye site moja pembeni ya mji kwa kazi nyingine, habari ya maji. Kabla sijamaliza, mama mmoja alikuja mbio kwa prezida wa komite na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba kwenye kibanda cha jirani yake kuna bunduki. Mnajua jinsi neno hilo linavyosikika mahali kama pale. Wakina mama waliita watoto ndani. Prezida alichukua wanaume wawili wakaenda, nami nikafuata nyuma na kinasa sauti changu.

Tulimkuta bibi mmoja ameinama mbele ya mbabula, anapuliza makala kwa bomba refu la chuma jeusi. Prezida akamwuliza, "Mama, tumesikia hapa kuna bunduki. Iko wapi?" Bibi akatoa bomba mdomoni, akamwonyesha. "Ni hii hapa. Mkiichukua, nitapuliza moto na nini?"

Watu walicheka, na hofu ikatoka. Lakini mume wake, mzee wa miaka zaidi ya sabini, hakucheka. Aliingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na kitabu kidogo kilicholiwa na mende pembeni: permi ya bunduki, yenye namba, jina lake na kashe za miaka aliyolipa kodi. Akasema hilo bomba ni mtutu wa bunduki ya kuwindia, kalibre 12, ya mtutu mmoja, aliyoachiwa na baba yake. Siku walipokimbia kijiji chao, kwenye njia ya Nyunzu, bunduki ilibaki imening'inia chini ya paa. Nyumba iliungua. Miezi kadhaa baadaye alirudi kutazama shamba la mihogo, akakuta kwenye majivu mtutu huo tu. Mbao zote zilikuwa zimekwisha, na mtambo umeyeyuka nguvu, hauwezi tena kufyatua kitu.

"Niliiokota kwa sababu sikuweza kuiacha," alisema. "Lakini mjukuu wangu aliponiona nayo aliniuliza, babu, wewe ulikuwa katika kundi gani? Wewe mtu wa radio, mweleze huyu mtoto. Anajua bunduki moja tu, ile iliyotufukuza."

Niliahidi nitamweleza. Ndiyo maana ya makala hii.

Herufi tatu chini ya masizi

Tulisugua mtutu ule kwa majivu na kitambaa. Upande wa chini, pale ambapo zamani ulikaa juu ya mbao, kukatokea duara refu kama yai, na ndani yake herufi E, L, G, na nyota ndogo chini yake. Kando yake ilikuwa namba 12.

Herufi hizo ni alama ya mji wa Liège, Ubelgiji. Kule kuna nyumba ya kupima bunduki iliyoanza mwaka wa 1672. Kila mtutu hupelekwa pale, hujazwa baruti nyingi kuliko kawaida, kisha hufyatuliwa bila mtu kuushika. Ukipasuka, ni hasara ya fundi. Usipopasuka, hupigwa alama. Kwa hiyo yule aliyeununua, hata akiwa mbali sana na Liège, alijua kwamba chuma hicho kimekwisha kujaribiwa kabla hakijawekwa karibu na shavu lake.

Namba 12 nayo ina hesabu yake. Ukichukua pauni moja ya risasi nyeusi, yaani karibu gramu 454, ukaigawa kuwa goroli 12 zilizo sawa, upana wa goroli moja ndio upana wa mtutu wa kalibre 12, karibu milimita 18 na nusu. Ni hesabu ya zamani, ya wakati watu walipokuwa wakimimina goroli wenyewe nyumbani. Mpaka leo kartushi za kuwindia zinauzwa kwa hesabu hiyo.

Mitutu mingi ya Liège ilitengenezwa katika vijiji vya bonde la mto Vesdre, na mafundi wengi walifanya kazi nyumbani kwao. Mmoja alitengeneza mtutu, mwingine kitako, mwingine mtambo. Mjini humo zilitengenezwa bunduki za matajiri, zenye michoro ya ndege na maua, ambazo leo huwekwa nyuma ya vioo. Zilitengenezwa pia bunduki za bei ndogo, za mtutu mmoja, bila pambo lolote. Hizo ndizo zilizokuja kwetu. Hakuna tajiri anayezitafuta, na kwenye vitabu vya bunduki nzuri hazipewi nafasi kubwa. Lakini ndizo zilizokula jasho la mikono ya wazee wetu.

Kabla ya kalibre 12: bunduki ya gumegume

Bunduki haikuanza na Wabeljiji huku kwetu. Ilipita ziwani. Misafara kutoka Unguja ilifika Ujiji, ikavuka kwa mitumbwi mpaka Mtowa, si mbali na hapa Kalemie, kisha ikashika njia ya Manyema. Ilileta vitambaa, shanga, baruti na bunduki za gumegume. Hizo zilipakiwa kwa mdomo: unamimina baruti, unatia goroli, unashindilia kwa mdeki, halafu jiwe la gumegume linapiga chuma na kutoa cheche. Mvua ikinyesha, baruti inalowa na umebaki na fimbo ndefu mkononi. Ng'ambo ya ziwa, Watanzania bado wanaita bunduki ya namna hiyo gobore.

Sitawaficha: bunduki hiyo ilikuja na taabu. Ililipiwa kwa pembe za tembo na kwa watu. Mwaka wa 1867, kusini mwa ziwa letu, mfanyabiashara Hamed bin Muhammed alimpiga Nsama, sultani mwenye nguvu wa Itabwa, akabeba pembe nyingi sana. Watu walimwita Tippu Tip. Mwenyewe alieleza kwamba jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake; wengine husema ni kwa sababu ya kupepesa macho. Vyovyote vile, inaonyesha jinsi mlio huo ulivyoingia katika masikio ya wazee wa wazee wetu.

Huko Marungu, sultani Lusinga naye alijipatia bunduki, akazitumia kukamata watu na kuwauza. Mbeljiji Émile Storms, aliyejenga kituo cha Mpala mwaka wa 1883, alituma watu wake wenye bunduki wakamwua Lusinga mwezi wa Desemba 1884. Kichwa chake kilipelekwa Ulaya. Kule Bunkeya, Msiri alijenga ufalme wake kwa shaba, pembe na bunduki zilizomfikia kutoka pande zote mbili, bahari ya mashariki na bahari ya magharibi. Naye aliuawa kwa bunduki ya mtu wa Leopold, tarehe 20 Desemba 1891.

Kwa hiyo mtu akiniambia bunduki za zamani zilikuwa na upole, nitamkatalia. Chuma hakina upole. Mwenye nacho ndiye anayetazamwa.

Sheria iliyotuachia bunduki dhaifu

Tarehe 2 Julai 1890, wakubwa wa Ulaya na nchi nyingine walitia sahihi mapatano huko Brussels. Walisema wanataka kumaliza biashara ya watumwa. Katika mapatano hayo kulikuwa na sehemu ya silaha. Katika eneo kubwa la Afrika, tangu digrii 20 kaskazini ya ikweta mpaka digrii 22 kusini, Kongo yote ikiwa ndani yake, walikataza kuingiza bunduki za kisasa kwa ajili ya wenyeji. Kilichoruhusiwa kuuzwa ni bunduki za gumegume zisizo na mikato ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida.

Sababu moja ilikuwa nzuri: kuwanyima silaha wawindaji wa watu. Lakini tazameni upande wa pili. Askari wa Force Publique walipewa bunduki za Albini, zinazopakiwa kwa nyuma na zinazopiga mbali. Mwanakijiji aliachiwa bunduki ambayo Ulaya yenyewe ilikuwa imeiacha miaka mingi. Liège na Birmingham ziliendelea kutengeneza na kurekebisha bunduki hizo za mtindo wa zamani kwa ajili ya kuziuza Afrika. Serikali iliyofuata miguu hiyo ilikusanya mpira na pembe kwa nguvu, nasi tunajua jinsi mambo yalivyokwenda.

Hapo ndipo dharau ilipoanza. Bunduki yetu ilikuwa ya zamani kwa sababu sheria ilitaka tubaki nyuma. Lakini watu hupokea walichopewa, wakakifanya chao. Mafundi wetu wa chuma, ambao tangu zamani walijua kuyeyusha madini na kufua majembe na mikuki, walijifunza kuzitengeneza. Kitako kikipasuka, kilifungwa kwa waya wa shaba. Spring ikikatika, ilifuliwa nyingine. Misumari ya shaba ilipigiliwa kwenye mbao kwa urembo.

Mtu mmoja, namba moja, kartushi moja

Baadaye kalibre 12 ilifika vijijini, kwa sultani, kwa karani, kwa mwalimu, kwa mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye reli au kwenye migodi. Haikuwa ya kila mtu. Uliomba ruhusa, bunduki ikaandikwa kwa namba, ukalipa kodi, ukaonyesha kitabu ulipoulizwa. Baada ya uhuru mambo hayo yaliendelea. Sheria ya kuwinda ni ya tarehe 28 Mei 1982, na sheria ya silaha ni ya tarehe 3 Septemba 1985. Zote mbili bado zinatajwa mpaka leo.

Nilimwomba mzee anieleze kwa nini aliipenda bunduki ile, nilijua hataniambia kwamba ilikuwa nzuri kwa kutazama. Alifikiri kidogo, kisha akahesabu kwa vidole.

Kwanza, ilikuwa wazi. Unaivunja katikati, unatazama ndani ya mtutu kama unavyotazama bomba, unaona kama kuna kartushi au hakuna. Nyundo yake iko nje. Hata mtoto aliyesimama mbali anaona kama imevutwa.

Pili, ilikuwa nyepesi na ina vitu vichache. Fundi wa kijiji aliweza kuitengeneza.

Tatu, na hapo alinyanyua kidole akakiacha juu, ilikuwa na kartushi moja tu. "Ukikosea, mnyama amekwenda. Kartushi ni pesa. Kwa hiyo unakaribia, unatulia, unatazama nyuma ya mnyama kama kuna mtu. Bunduki ile ilinifundisha kusubiri."

Aliwinda swala na kanga, na simbiliki wakati wa ukame. Lakini kazi kubwa ya bunduki ile ilikuwa shambani. Nyani na nguruwe pori walipoingia kwenye mahindi, watu walimwita usiku. Mlio mmoja ulitosha shamba zima kupata usingizi. Akiua nguruwe, nyama haikuwa yake peke yake. Kulikuwa na sehemu ya sultani, sehemu ya mwenye shamba, sehemu ya wajane. Na sultani alipofariki, wenye bunduki walikusanyika wakafyatua juu, mmoja baada ya mwingine, ili vijiji vya mbali wajue. Kila mtu alijua sauti ya bunduki ya nani. "Hii ni ya fulani," walisema wakiwa kitandani, wakageuka wakalala.

Fikirini jambo hilo, ninyi mliolala porini. Kusikia bunduki usiku, ukageuka, ukalala.

Pupu na vita vya wazee wetu

Asiyeweza kupata kalibre 12 alikwenda kwa fundi. Huku kwetu bunduki ya kutengenezwa kijijini tunaiita pupu. Mbao za msituni, bomba la chuma lililopatikana popote, nyundo iliyofuliwa kwa mkono. Haikupitia nyumba yoyote ya kupimwa. Wengine walipoteza vidole kwa ajili yake, wengine macho. Hata hivyo ililisha nyumba nyingi.

Nayo iliingia vitani. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960 na Katanga ikajitenga siku 11 baadaye, kaskazini ya Katanga iliwaka. Vijana walishika mishale, mikuki, minyororo ya kinga na bunduki kama hizo. Tarehe 8 Novemba mwaka huo, huko Niemba, upande wetu huu, askari 11 wa Ireland waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa walivamiwa. Tisa walikufa. Vijiji vingi navyo viliungua katika miezi ile, na waliokufa humo majina yao hayakuandikwa.

Ninalisema hili ili mtu asidhani ninasifu zamani. Vita haikungoja bunduki za kisasa. Mtu akitaka kuua, ataua hata kwa jiwe.

Kilichobadilika

Lakini kitu kilibadilika, na wazee wanajua ni lini. Tangu vita ya 1996, na tena ya 1998, silaha za jeshi zilienea mpaka mikononi mwa watoto. Ile inayojulikana zaidi ilichorwa na Kalashnikov mwaka wa 1947. Sanduku lake la kawaida linabeba masasi 30, na inaweza kuyamaliza kwa muda wa kumeza mate. Haina haja ya kusubiri. Haina haja ya kutazama nyuma ya mnyama. Na yule anayeishika hana kitabu, hana kashe, na mara nyingi jina alilotupa si lake.

Bunduki ya mzee ilikuwa na mtu wa kuulizwa. Ikipigwa vibaya, sultani alimwita mwenye nayo, na watu wote walijua nyumba yake. Hii nyingine haina nyumba. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka mjukuu aishike. Babu yake hakuwa bora kwa sababu bunduki yake ilikuwa ya kizamani. Alikuwa mtu wa kujibu mbele ya wengine, na bunduki ile, kwa uzito na upole wake wa kufyatua, ilimsaidia kubaki hivyo.

Sisemi turudishe bunduki vijijini. Wengi wetu tumezichoka zote. Wakubwa wanakumbuka jinsi huku Katanga, katika miaka ya 2000, shirika la PAREC lilivyokuwa likichukua silaha na kutoa kinga. Mtu alikuja na bunduki begani, akarudi nyumbani akiendesha. Hiyo ni biashara niliyoipenda kuliko zote katika historia hii, maana kinga inabeba mihogo, inabeba mgonjwa, na mlio wake ni kengele tu.

Na ombi moja kwa mnaorudi kutazama mashamba. Mkikuta bunduki ya zamani kwenye majivu au chini ya paa lililoanguka, msiishike na msiwape watoto. Inaweza kuwa na kartushi ndani hata baada ya miaka. Mwiteni mkubwa wa kijiji kwanza. Mtutu wa mzee wetu ulikuwa mtupu kwa sababu yeye hakuwahi kuning'iniza bunduki yenye kartushi. Si wote walikuwa kama yeye.

Mwisho wa shauri

Prezida wa komite aliutazama mtutu ule kwa muda, akapitisha mwanga kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Akaomba kitabu cha permi, akalinganisha namba. Zilikuwa sawa. Yule mama aliyetoa habari alisimama pembeni, hajui aombe msamaha au la. Mzee akamwambia, "Dada, ulifanya vizuri. Hata mimi ningesema."

Prezida akafungua daftari lake. Nilichungulia aliandika nini. Aliandika tarehe, namba ya kibanda, na maneno haya: bomba la kupulizia moto, moja.

Mjukuu, kijana wa miaka kama tisa, alikuwa amesimama nyuma ya babu yake muda wote. Nilipomaliza kueleza habari ya Liège na ya herufi zile tatu, aliomba kuushika mtutu. Babu alimpa. Aliweka jicho kwenye mdomo mmoja, akatazama anga. Kisha akamrudishia bibi yake, kwa sababu makala yalikuwa yanazimika na sombe ilikuwa bado haijaiva.